Kimashua Kilichopewa Sikio

Usukani uligeuka kabla Muhidini hajaiwasha transmita.

Ulikuwa usukani mdogo wa kimashua kilichokuwa mezani, kipande cha bati kisichozidi kiganja cha mtoto, na uligeuka taratibu kuelekea kushoto, ukatulia. Muhidini alikuwa ameinamia meza ya kazi bandani kwake, nyuma ya nyumba yao ya Kilindoni, jua la saa sita limekaa juu ya mabati, jasho linamwingia machoni. Aliutazama. Transmita, kisanduku cha kukiongozea kimashua kwa mbali, ilikuwa rafuni, imezimwa, eriali yake ndefu imekunjwa ndani. Mtu mwingine angeruka. Yeye alipiga miayo, maana siku zile alikuwa amechoka mno, hata kushtuka alikuona ni kazi nyingine ya kuongezewa.

Halafu akachungulia ndani ya kimashua, akaona swichi ya risiva iko wazi.

"La haula," alinung'unika. "Nimeiacha hivi tangu usiku wa kuandama mwezi."

Na Idi ilikuwa imekwisha, watu wamekwisha kula, kuvaa na kugombana. Betri zile ndogo zilipaswa kuwa zimekufa zamani. Alizipima, akakuta zimejaa tele. Tena zilikuwa baridi, baridi ya kitu kilichotolewa mtungini, katika banda ambalo hata nyundo ilikuwa haishikiki kwa joto. Alizirudisha mahali pake, akajifuta kiganja kwenye suruali, akaendelea na kazi.

Sasa vyombo hivi vina kanuni moja, na fundi aliyemfundisha Dar es Salaam alimkaririsha mpaka akaichukia. Washa transmita kwanza, ndipo uwashe risiva. Ukimaliza, zima risiva kwanza, ndipo uzime transmita. Kwa nini? Kwa sababu transmita ndiyo mdomo, na risiva ndiyo sikio. Ukiliacha sikio wazi na mdomo wake umelala, litamsikiliza yeyote atakayesema nalo.

"Itakuwa simu ya upepo ya uwanja wa ndege," Muhidini alijiambia. Jibu lilimtosha. Mtu aliyechoka hutoshwa upesi.

Ulikuwa mwaka wa sabini na moja, Uhuru unatimiza miaka kumi, na kamati ya sherehe ilikuwa na katibu asiyelala, Bwana Kitwana. Huyu bwana alikuwa amekuta ofisini katoni iliyoachwa na mtaalamu mmoja wa kigeni wa mambo ya samaki. Ndani yake mlikuwa na transmita, risiva, mota moja ya kuzungushia pangaboi la kusukumia maji na nyingine ya kugeuzia usukani. Chombo chenyewe cha kuviweka hakikuwamo. Kitwana akamjia Muhidini, ambaye ndiye aliyekuwa fundi wa redio wa ofisi, macho yanamng'aa.

"Ndugu Muhidini, hebu fikiri! Wananchi wamesimama ufukweni, wanaona mashua inakwenda, inageuka, inarudi, na haina mtu ndani! Hayo ndiyo maendeleo, ndugu yangu."

"Ndiyo, ndugu katibu."

"Mashua yenyewe utaitafuta."

"Ndiyo, ndugu katibu," akasema Muhidini, ambaye asubuhi alitengeneza redio za ofisi, Jumamosi alilima shamba la ujamaa, na kila jioni aliteka maji yeye mwenyewe kwa kuwa mkewe hakutakiwa kunyanyua kitu.

Mkewe, Arafa, alikuwa na mimba ya miezi saba, na hapo ndipo roho ya Muhidini ilipokuwa imetundikwa. Mimba zilizotangulia zilimtoka zote, na daktari hakuona sababu. Kisha Muhidini alipopelekwa Dar es Salaam kusomea ufundi, Arafa alikwenda kwao Kanga kukaa na ndugu zake, na mume aliporudi alimkuta mwanamke amenenepa, anacheka, anaimba akikuna nazi. Aliambiwa amenyweshwa kombe, maandishi ya zafarani yaliyooshwa kwa maji, kwa Bi Somoe, mganga wa huko. Basi. Mwanamume akirudishiwa mke anayecheka haulizi risiti. Na sasa mtoto alikuwa amefika miezi saba tumboni, anapiga mateke, na Muhidini alikuwa hathubutu hata kumtafutia jina.

Kimashua alikipata kwa Matano, mvuvi mmoja mtu wa Kilwa aliyepiga dago, kambi ya uvuvi, Shungimbili na wenziwe. Matano alileta redio iliyoingia maji ya chumvi, na badala ya malipo akatoa kwenye kikapu kitu kilichofungwa gunia. Muhidini alipokifungua alisahau uchovu kwa dakika nzima. Kilikuwa kimashua cha kuchongwa, kirefu kama mkono wa mtu mzima, chepesi, shingo yake imenyooka vizuri, mbao zake zimekaa kana kwamba aliyezichonga hakuwa na haraka na dunia.

"Umekitoa wapi?"

"Nimekiokota mwambani. Nimekisugua, kiko safi."

Ndani, chini ya mbavu zake, palikuwa na mistari ya manjano iliyokolea, imepangika, imepindapinda. Ilikuwa maandishi ya zafarani, na Muhidini alijua kusoma.

"Na haya?"

"Rangi tu hiyo, fundi," alisema Matano, akitazama mlangoni.

Wote wawili walijua. Hakuna mtoto wa pwani asiyejua kwamba chombo cha namna hiyo, cha kumpelekea jini baharini, hakiokotwi. Kikiletwa na maji ufukweni, kinasukumwa tena kwa mti mrefu, na mwenye kusukuma amegeuza uso, wala hatazami kinakoelekea. Lakini sherehe ilikuwa inakaribia, mikono ya Muhidini ilikuwa inamuuma, na kuchonga chombo kipya ni kazi ya majuma. Juu ya yote, ilikuwa Ramadhani. Na Ramadhani, hata asiyesali anajua, majini wamefungwa. Waganga wenyewe hufunga mikoba yao mpaka mwezi uandame. Kwa hiyo alijiona ana nafasi. Gundi ya risiva ilipokataa kushika juu ya zafarani, alichukua msasa, akasugua mpaka neno la mwisho likawa vumbi la manjano, akalipuliza likaenda zake. Akafunga risiva mahali pale pale, akaijaribu, kila kitu kikatii. Kushoto, kulia, mbele, simama. Chombo kilikuwa kitiifu mwezi mzima wa mfungo. Kosa hilo asingelifanya mgeni, maana mgeni asingejua kuna mwezi wa kujiona salama.

Basi baada ya ile siku ya usukani, kazi ikaanza kumpinga. Transmita ile ilikuwa na vijiti viwili vya kuongozea, na pembeni ya kila kijiti kitufe kidogo cha kunyooshea, ili ukiachia mkono, usukani usimame katikati. Muhidini aliunyoosha. Ukarudi kushoto. Akaunyoosha tena, ukarudi tena. Alifungua skrubu, akapinda waya, akatukana kwa sauti ya chini. Kisha, kwa kuchoka tu, akakigeuza kimashua kizima mezani, omo, pua yake ya mbele, ikatazama mlango. Usukani ukageuka kulia. Akakielekeza dirishani, ukapinda kabisa hadi mwisho wake. Alikizungusha polepole, na kipande kile cha bati kilizunguka nacho kwa upande wa pili, hakiachi, kinatazama ukuta uleule. Nyuma ya ukuta ule kulikuwa na kitanda cha Arafa.

Muhidini aliketi juu ya kopo la rangi. Alitoa betri zote, akazipanga mezani, akazitazama. Ndani ya kimashua kikavu, juu ya meza kavu, alisikia maji yakipiga mbao, taf, taf, taf, kama chombo kilichotia nanga.

Alikwenda ndani. Arafa alikuwa amelala chali, kanga imeteleza begani, macho yako wazi yanatazama boriti.

"Nani kafukiza humu?" aliuliza, sauti yake nzito kwa usingizi.

"Hakuna aliyefukiza."

"Nanusa ambari. Ambari, na kamba mbichi." Alitabasamu bila kumtazama mumewe, tabasamu ambalo Muhidini hakulijua. "Mwenzangu, leo mtoto hajacheza."

"Amelala tu. Na joto hili nani atacheza?"

Alisema hivyo, akainama. Aliweka kiganja juu ya tumbo. Lilikuwa baridi kama zile betri.

Kuanzia hapo kila adhuhuri ilikuwa ile ile. Asubuhi Arafa alikuwa Arafa, anapepeta mchele, anamtania mumewe kwa jinsi anavyosinzia na kijiko mdomoni. Jua likifika utosini, usingizi ulimwangusha, na harufu ile ilitoka chini ya kitanda, na kule bandani maji yakaanza kupiga mbao. Alizungumza na mtu. Muhidini alisimama mlangoni akasikiliza, akasikia mkewe akicheka kichinichini na kusema, "Siyo sasa, bwana. Ngoja kwanza nimtoe huyu." Akaketi kizingitini, akakaa hapo mpaka alasiri. Alipojaribu kukibeba kimashua akakitupe baharini, hakikunyanyuka. Kitu alichokibeba jana kwa mkono mmoja kilikaa mezani kama kimepigiliwa, na meza ililia kwa uzito, na pangaboi, bila betri, bila waya uliounganishwa, lilizunguka nusu duara kisha likasimama, kama mtu anayegeuza kichwa akuone u nani unayemshika.

Siku hiyo hiyo aliona damu kwenye kanga ya Arafa. Kidogo tu, tone la ukubwa wa ukucha. Lakini ndivyo zilivyoanza zote.

"Arafa," alinong'ona, amepiga magoti kando ya kitanda, "niambie kweli. Kule Kanga walikufanya nini?"

Arafa alilia kwanza. Kisha akasema, polepole, akimshika mkono kwa nguvu.

"Niliogopa utanicheka, wewe na nyaya zako. Nilikuwa na jini mahaba. Tangu usichana wangu. Ndiye aliyekuwa akinitoa mimba, hataki niwe na mtu mwingine, hata mtoto. Bi Somoe alimpunga, akamfunga kwa maneno, akamtia chomboni, chombo kikapelekwa na maji ya kupwa. Mimi nilikuwa nimefunikwa kaniki, sikukiona. Nilisikia tu maji yanakipiga. Taf, taf." Akatega sikio. "Muhidini, mbona nayasikia tena?"

Muhidini aliinuka, akatazama upande wa bandani. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alikuwa ameilaza roho ya mkewe na ya mwanawe juu ya meza yake, akaisugua kwa msasa.

Shemeji yake, Iddi, alikwenda Kanga kwa baiskeli, na Bi Somoe akaja kesho yake juu ya lori la ushirika, amekaa kati ya magunia ya nazi. Alikuwa mama mfupi mwenye kikohozi na ulimi usiombembeleza mtu.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba. Kiko wapi?"

Alipoingia bandani alisimama mlangoni, hakukisogelea. "Hiki nilikiagiza mimi," alisema. Kisha akaona msasa, akaona vumbi la manjano kwenye ufa wa meza, akamgeukia Muhidini, akamtazama sana. "Na hilo dude jeusi ulilolitia ndani ni la nini?"

"La kusikilizia, bi mkubwa. Ukisema huku, linasikia kule."

"Umefuta kufuli, ukampa na sikio. Na sikio ulilifunga lini?"

"Nililisahau wazi. Usiku wa kuandama mwezi."

Bi Somoe alikaa chini pale pale mchangani, mzima mzima. "Usiku waliofunguliwa," alisema. "Mwanangu, hata mchawi asingekupangia vizuri hivyo."

Walimkalisha Arafa mkekani, wakamfunika kaniki, ubani ukawashwa. Haukupita muda, mabega yake yakapanda, shingo ikanyooka, na sauti iliyotoka chini ya kaniki haikuwa yake. Ilikuwa sauti ya mwanamume, tulivu, ya adabu, tena ya mtu aliyechoka, na hilo la kuchoka lilimtisha Muhidini kuliko kelele yoyote.

"Salamu alaikum, wenyewe. Sikuja kwa vita."

"Umekuja kwa nini, bwana?" aliuliza Bi Somoe.

"Niliitwa. Nilikuwa nimelala ndani ya maneno, maneno yakaondoka. Mwezi uliokuwa umenifunga ukaondoka. Nikakuta mlango wazi, na mkono wa fundi unanishika usukani, njoo, nenda, njoo, nenda. Nimechoka na bahari, bibi. Nataka nyumba."

"Nyumba hii ina mtoto."

"Ndiyo maana nataka atolewe."

Muhidini akasikia kinywa chake kikisema, "Chukua chochote kingine." Bi Somoe alimpiga kofi la paja akanyamaza. Walivutana mpaka ubani ukaisha, huyu akitaka, huyu akikataa, sauti haipandi hata mara moja. Mwisho wake jini alikubali kuondoka kwa sharti moja, kwamba mkono uliomwita ndio umpeleke, na upeleke mpaka yeye mwenyewe aseme basi.

Arafa alipolala, Bi Somoe alimvuta Muhidini uani. "Nisikilize. Ukikiongoza, usikigeuze nyuma, hata nusu. Na utaitwa. Usiitike. Utaambiwa neno la uongo, hilo ni jepesi, hutaliitikia. Kisha utaambiwa neno la kweli. Nalo usiliitikie."

"Basi twende sasa hivi, bi mkubwa."

Lakini transmita haikuwapo. Bwana Kitwana alipita asubuhi, akasikia fundi anasema anataka kuiacha kazi, akaibeba akaifungia ofisini. "Hii mali ya wananchi," alisema. "Utaipata siku ya Uhuru, mbele ya macho yangu." Na kikipelekwa kwa njia nyingine yoyote, alisema Bi Somoe, chombo kile kingerudi. Ikabidi wangoje. Bi Somoe alikaa kitandani kwa Arafa usiku na mchana, akimnywesha kombe, akimsomea, akimshika tumbo kama mtu anayeshika mlango unaosukumwa. Damu haikukoma. Muhidini hakulala. Alikaa nje ya mlango, na kila alipofumba macho alisikia maji.

Siku ya Uhuru ilifika na jua lake, bendera, ngoma, watoto wa shule waliopakwa mafuta. Maji yalikuwa yanaanza kupwa. Muhidini alirudisha betri ndani ya kimashua, akakinyanyua mezani, na safari hii kilikubali, chepesi kama siku ya kwanza. Alikishusha majini. Alipokiachia, kilizama kidogo upande wa nyuma, wa tezi, kama chombo ambacho mtu mnene amekikalia, kikatulia.

"Ndugu wananchi!" alinguruma Kitwana kwenye kipaza sauti. "Mashua hii haina mtu!"

Watu wakapiga makofi. Muhidini alivuta eriali ikawa ndefu, akawasha transmita, kisha akasukuma kijiti mbele. Kimashua kikakata maji, kinaelekea nje. Watu walishangilia, wanawake wakapiga vigelegele. Kilipita mashua za kwanza zilizotia nanga, kikapita za pili.

"Haya, igeuze sasa," alisema Kitwana, akicheka.

Muhidini hakugeuza.

"Ndugu Muhidini. Igeuze, mgeni rasmi anatazama."

"Siwezi, ndugu katibu."

"Huwezi au hutaki? Unajua hii inaitwa nini? Hii ni hujuma!"

Ajira yake ilikwisha pale, naye alijua, na hakujali, maana kijiti kilikuwa kimeanza kumsukuma. Mwanzoni kwa upole, kama mtoto anayekuvuta kidole, kisha kwa nguvu, kikitaka kurudi nyuma, kikitaka kupinda kuelekea nyumbani, na yeye akakishika kwa gumba zote mbili mpaka kucha zikawa nyeupe, na transmita ikawa baridi, baridi ile ile, ikapanda viganjani, ikapita viwiko, ikamfika mabegani, na kimashua kilikuwa kimekwisha kuvuka umbali ambao mawimbi ya kisanduku kile yanaweza kufika, jambo analolijua fundi yeyote, kimekuwa nukta, kisha si kitu, kimepotea kwenye weupe wa mwamba, na bado kijiti kilikuwa kinamsukuma kana kwamba kitu chenyewe kiko mbele ya kifua chake, wamesimama uso kwa uso, na Kitwana anapiga kelele sikioni, na watu wameanza kunyamaza mmoja mmoja, kwa kuwa waliuona uso wake.

Kisanduku kile hakikuwa na spika. Lakini kilimwita.

"Muhidini! Arafa amekufa!" ilikuwa sauti ya Iddi. Muhidini aliuma midomo, akasukuma.

"Baba," ilisema sauti ndogo, ambayo haijazaliwa. Machozi yalimtoka, akasukuma.

Kikanyamaza. Alidhani imekwisha. Kisha ikaja sauti ya mkewe, ile ya asubuhi, ya kwenye ungo wa mchele, ya huruma tupu.

"Mume wangu, umechoka."

Na ilikuwa kweli. Hakuna aliyewahi kumwambia. Katibu hakumwambia, shamba halikumwambia, mwenyewe hakujiambia. Alifikiria ndoo za maji, na redio zilizopangana ofisini, na usiku wote wa mlangoni, na zile mimba alizozika uani akiwa peke yake, akirudi ndani akisema hakuna neno. Kitu kikamlegea kifuani.

"Nimechoka," alijibu.

Kijiti kikawa chepesi. Kikarudi katikati, kikasimama.

Saa hiyo hiyo, nyumbani, Arafa aliketi kitandani akaomba chakula. Mtoto alimpiga teke mpaka akalia kwa furaha. Damu ilikoma, na harufu ikaondoka kama mtu aliyeaga. Muhidini alipofika, Bi Somoe alikuwa anafunga mkoba wake.

"Hukuitika?"

"Sikuitika, bi mkubwa," alisema Muhidini. Alikuwa ametazama chini.

Mama yule alimwangalia kwa muda. Kisha akapanda lori akarudi kwao Kanga.

Kazi ya ofisi aliipoteza, kama alivyojua. Lakini hakukaa bure. Alilima, alivua pweza, alitengeneza redio za watu, alipasua kuni za mtaa mzima, na majirani walimsifu kwa Arafa. Mumeo kawa simba, bibi, tangu lini? Zamani alikuwa akisinzia na kijiko mdomoni. Sasa hakupiga hata miayo. Usiku Arafa alipoamka kugeuka upande, kwa sababu tumbo lilikuwa limekuwa kubwa, alimkuta amekaa kitako kando yake, mkavu, mtulivu, macho wazi.

"Hulali?"

"Sijachoka," alisema.

Mtoto alizaliwa mwishoni mwa Januari, wa kike, mzima, na sauti ya kumfikia jirani wa tatu. Mkunga alimwogesha, akamfunga kitambaa cheupe, akamwita baba aje amwadhinie. Muhidini aliingia akicheka na kulia. Kwa miaka yote ile alikuwa akiingojea saa hii. Alimpokea mwanawe mikononi, akainamisha midomo kwenye sikio la kulia, lile sikio dogo ambalo halijasikia bado neno lolote la dunia, akavuta pumzi.

Neno halikuja.

Alijaribu tena. Aliyajua maneno yale tangu utoto, aliyasikia mara tano kila siku ya maisha yake. Aliyaona yamepangana kichwani. Ulimi wake ulikaa tu, umelala. Pumzi ilitoka tupu, na mtoto, aliyekuwa akilia, alinyamaza ghafla, akafumbua macho.

Arafa alikuwa anatazama kutoka kitandani. Alijikokota, akanyoosha mikono, akamchukua mtoto kutoka mikononi mwa mumewe, taratibu, bila kumpokonya, akamficha ndani ya kanga, kifuani. Akasogea mpaka mgongo wake ukagusa ukuta. Alipozungumza, aliinamisha kichwa, na sauti yake ilikuwa ndogo, yenye heshima kubwa, sauti ambayo mwanamke hamsemeshei mumewe.

"Karibu, bwana," alisema. "Safari hii umetaka nini?"

Muhidini alitaka kumwambia, ni mimi, Arafa, ni mimi mumeo. Akanyamaza, kwa sababu hakuwa na hakika.